Mfuniko wa Mtaa wa Juu

Mvua ikianza kunyesha, mshonaji aliinua kwanza vitambaa vya wateja, kisha ndipo alipowatazama watoto. "Watoto wana miguu," alikuwa akisema. "Kitambaa cha mtu hakina."

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa juu. Ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza, na hapo kibarazani ndipo cherehani ilipokaa. Alishona sare za shule, za kijani, zenye bitana nyekundu mifukoni. Jioni alifagia vipande vilivyobaki, akavisukuma njiani. Alijua mvua itavichukua. Vilikokwenda hakujua, wala hakuuliza.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, lakini mtaa mzima ulimwita Bwana Mfuniko. Katikati ya njia yao palikuwa na chemba, yaani shimo la kufikia bomba la maji taka. Chemba ilifunikwa kwa chuma kizito. Mvua ikizidi na njia ikajaa maji, mume alitoka na mtaimbo, akauinua ule mfuniko. Maji yote yaliingia shimoni yakinguruma, na njia ikabaki wazi. Majirani walimshangilia kutoka madirishani.

"Bwana Mfuniko, bila wewe tungekuwa samaki!"

"Mkiwa samaki, nani ataniletea baiskeli?" alijibu, akapangusa mtaimbo wake.

Dada yake, yaani wifi wa mshonaji, aliishi mtaa wa chini. Ni mwendo mfupi tu wa kuteremka. Aliishi na mama yao, mzee aliyependa usafi kuliko chakula. Wifi naye hakuishiwa utani.

"Wifi, nyinyi wa juu mna bahati," alisema siku moja. "Mvua yenu inatoka mawinguni. Yetu sisi inatoka chooni."

Walicheka wote, hata mama mkwe. Mshonaji alidhani ni utani wa wifi tu.

Mwaka ule mvua hazikuwa na huruma. Mume aliuinua mfuniko asubuhi, akauinua tena jioni. Kesho yake wifi alituma mtu kuwaita. Walipofika, harufu iliwapokea kabla ya mlango. Maji taka yalikuwa yamepanda chooni na kutapakaa nyumba nzima. Wifi alikuwa kazini yalipoanza kupanda. Mama mkwe, peke yake, alijaribu kuyazuia kwa matambara, akiyakamua kwa mikono yake mitupu.

"Mama, kwa nini hukutoka nje?" mume aliuliza.

"Niuache uchafu nyumbani kwa mwanangu?" mzee alijibu.

Usiku huo alianza kuhara na kutapika. Hospitalini alitundikiwa dripu, lakini mwili wa mzee hauna akiba. Hakurudi nyumbani tena.

Baada ya mazishi, baraza la mji lilituma mafundi kuzibua bomba. Mmoja alikuwa mwanamke aliyevaa buti za mpira zilizofika magotini. Alifungua chemba ya mbele ya nyumba ya wifi, akaingiza waya mrefu, akavuta. Wifi na mshonaji walisimama kando wakiangalia. Kitu kama kamba nene nyeusi kilitoka polepole. Fundi alikimwagia maji.

Kikawa cha kijani. Hapa na pale kilikuwa na wekundu.

Mshonaji alikijua kijani kile kama alivyojua vidole vyake.

"Vitambaa," fundi alisema. "Ndivyo vilivyoziba."

"Vimetoka wapi?" wifi aliuliza.

"Huko juu. Mtu anafungua chemba wakati wa mvua ili njia ikauke. Sasa, bomba hili ni la maji ya vyoo na ya kuoshea vyombo. Ni jembamba, haliwezi mafuriko. Mvua inaingia na takataka zote za njiani. Bomba likijaa, uchafu unatafuta tundu la kutokea, na tundu lililo chini kuliko yote ni choo chako, dada."

"Kwa hiyo wao wanakauka, sisi tunaoga mavi."

"Pengine hawajui," fundi alisema.

Mshonaji aliona aibu, na aibu ile ilimfunga mdomo.

"Na maji ya mvua yapite wapi?" wifi aliuliza tena.

"Yawe na njia yake. Mtaro. Lakini mimi nazibua tu, mitaro inaamuliwa na madiwani. Mwezi huu wanapanga kazi za mwaka. Wengine wanataka lami ya mtaa wa juu, wengine mtaro. Haviwezi kufanyika vyote viwili. Kikao ni cha wazi na wananchi wanasikilizwa. Nendeni. Asiyekuwepo na lake halipo."

Jioni mshonaji alimkuta mumewe akijaza upepo gurudumu la baiskeli. Alimweleza yote.

"Vitambaa ni vyangu," alimaliza.

"Maji ya mvua ni ya watu wote," mume alisema. "Maji hayana jina."

"Maji hayana. Vitambaa vinalo."

Mume aliendelea kupiga pampu. Gurudumu lilikuwa limeshajaa, naye aliendelea. Kisha akaketi chini.

"Nimemwua mama?"

"Hatukujua, baba watoto."

"Sikuuliza kama tulijua."

Mshonaji alikaa chini kando yake, wakalia pamoja, watoto wakiwatazama kutoka mlangoni.

Siku ya kikao, ukumbi ulijaa watu wa mtaa wa juu waliokuja kudai lami. Wa mtaa wa chini walikuwa wachache. Wengi walikwishakata tamaa, wakisema baraza huwasikia wenye viatu visivyo na tope. Wifi alikaa mstari wa mbele. Mshonaji alikaa nyuma na mumewe. Jirani mmoja alisimama akaisifu lami, akapigiwa makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine.

Mshonaji alisimama.

"Mimi ni wa mtaa wa juu," alisema. "Lami naitaka. Lakini mvua ikinyesha sisi tunafungua chemba, na uchafu unapanda kwenye nyumba za chini. Vitambaa vilivyoziba bomba ni vyangu. Mimi nilivitupa njiani. Mfuniko tulikuwa tukiufungua sisi wa nyumba yangu, na tumemzika mama mkwe wangu. Naomba mtaro. Lami ya kujengwa juu ya aibu siitaki."

Wifi aligeuka akamtazama. Kisha akainuka, akatoka nje.

Madiwani waliamua mtaro uanze, na lami isubiri. Tena ikakatazwa kufungua chemba yoyote. Ila mtaro ungechimbwa mvua zikikatika, na mvua zilikuwa bado nyingi. Njiani kurudi, majirani walinung'unika.

"Umetunyima lami, mama."

Mshonaji alitundika gunia kando ya cherehani. Vipande vyote sasa viliingia humo, na gunia likijaa alivishonea mito. Mara mbili aliteremka mtaa wa chini. Mara mbili alikuta mlango wa wifi umefungwa, na taa ikiwaka ndani.

Kisha mvua kubwa ikarudi. Ilianza mchana, na kabla ya jioni njia ilikuwa imejaa. Maji yalipanda kibarazani, yakaingia chumbani. Mshonaji aliinua vitambaa, akawaweka watoto kitandani. Mlango ukagongwa.

"Bwana Mfuniko! Unangoja nini? Tunazama!"

Mume alikuwa ameketi kwenye stuli, mtaimbo magotini, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Siufungui," alisema.

"Basi tupe mtaimbo, tufungue sisi."

"Sitoi. Haya ni maji ya mvua, yatakauka. Yale yanayopanda huko chini, hata yakikauka, mtu habaki alivyokuwa."

Walimtukana, wakaondoka. Alikaa hapo na mtaimbo wake mpaka mvua ikatulia.

Asubuhi nyumba ilikuwa na tope kutoka ukuta hadi ukuta. Mshonaji alikuwa ameinama akizoa kwa beseni aliposikia hatua mlangoni. Wifi alikuwa amesimama hapo, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili.

Hakukuwa na salamu. Mume aliacha kuzoa, akashindwa kumtazama dada yake usoni.

"Kwangu pakavu," wifi alisema. "Nimeangalia choo usiku kucha. Hakikupanda kitu."

Aliikunja sketi yake, akaweka ndoo chini.

"Nilipoona kwangu pakavu nikajua kwenu pamelowa," alisema. "Haya, wifi, sogea. Mama hangekubali kuona tope hili."