Alama Nyekundu za Litiana

Mimi nikisikia gari likipita, najua dereva wake anampenda nani, na sijakosea hata siku moja. Isipokuwa kwa waume zangu wote wawili, na wale hawakuwa hata na baiskeli.

Vilikesa, fundi wa magari katika mji wa Lautoka, kule visiwani, naye alikuwa na sikio la namna hiyo. Jumamosi moja, soko limefurika, alisikia pikapu kuukuu ikiguna tumboni mbele ya wauza mihogo. Akaisimamisha kwa mkono.

"Dada, senta beringi yako imekwisha. Sikia propela inavyolia."

"Inalia yenyewe, au umeiliza wewe kwa macho hayo?" akajibu dereva. Gauni la manjano, ua jekundu sikioni, kucha za miguu rangi ileile ya ua. Jina lake Litiana.

Mchana huohuo fundi alikuwa chini ya gari, akitenganisha propela, lile bomba refu linalozungusha magurudumu ya nyuma, ili aifikie beringi. Propela ya vipande viwili hutiwa alama kabla ya kutenganishwa, ili irudi ilivyokaa. Isiporudi hivyo, gari zima hutetemeka. Anayejifunza kazi wiki ya kwanza analijua hilo. Lakini Litiana alikuwa amechuchumaa kando ya tairi akimenya chungwa, akimlisha kipande kimoja kimoja, na Vilikesa akasahau alama, akasahau hata chaki ilipo. Beringi mpya ikaingia vizuri. Propela ikarudi ilivyopenda yenyewe. Kufikia jioni walishaitana mpenzi.

Jumapili Litiana akawapakia shangazi zake watatu kwenda kanisani. Walipofika, mmoja alikuwa ameshika meno yake ya bandia mkononi.

Simu ya Vilikesa ikalia. "Vili mpenzi, umenifungia beringi au ngoma?"

"Aa... beringi za dukani siku hizi, mpenzi. Feki tupu."

Alipokata simu, uso ulimwaka moto. Fundi anayedanganya kuhusu gari, nani atamwamini akisema anapenda? Tangu hapo hakupokea tena. Kila asubuhi ujumbe ulikuja: "Bado linatetemeka. Njoo." Aliusoma kajifunika shuka gubigubi, mwanaume mzima.

Jumamosi uvumilivu ukamshinda. Akavaa sulu safi, ile shuka ya kiunoni ya wanaume wa huko, akabeba furushi la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, kama ilivyo desturi ya anayekwenda kuomba radhi, akapiga magoti mkekani mbele ya mama yake Litiana.

"Mama, beringi haikuwa feki. Feki ni mimi. Sikutia alama, nikamsingizia mwenye duka. Nimemwaibisha mwanao mbele ya kanisa zima."

Mama akaupokea mzigo, akapiga makofi ya taratibu ya kukubali. "Mimi nimesamehe. Litiana je?"

"Alitengeneze gari kwanza," Litiana akasema mlangoni, kidevu juu. "Jana nusura linimwage barabarani."

Vilikesa akajitumbukiza chini ya gari. Propela ilikaa sawasawa, nati zimefutwa vumbi, na kwenye maungio nukta mbili nyekundu zilitazamana. Rangi ya kucha.

"Litiana, nani alifungua hapa?"

"Hapo wapi?"

"Hapa penye rangi ya vidole vyako."

Kando ya tairi, mguu mmoja wa Litiana ukaupanda mwingine.

"Si ni yeye huyo, na spana za marehemu baba yake!" mama akadakia kutoka barazani. "Alilifunga Jumatatu. Tangu hapo limetulia kama kitanda."

"Mama!"

"Na jumbe zote zile, mpenzi? 'Bado linatetemeka'?"

"Lilikuwa... likitetemeka kidogo."

"Lini?"

Vidole kumi vyekundu vikajikunja ndani ya ndala, visipate pa kujificha.