Vipimo vya Gari Jekundu

Jua lilikuwa linazama Fundi Spana alipofika kwa Bwana Glavu, futi ya chuma mfukoni na kalamu sikioni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bwana Glavu alikuwa na gari la kizamani la mashindano, jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba mtu mzima huliingia kama anayetafuta kitu mvunguni mwa kitanda. Injini yake ilikuwa imechoka, naye alitaka kufunga nyingine. Kabla ya kuitafuta hiyo nyingine, lazima mtu apime nafasi iliyopo, maana injini si mgeni wa kubanana na watu mkekani. Isipoenea, haiingii.

Jina la Glavu alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuviona vidole vyake. Hata harusini alivaa zile glavu zake za ngozi za kuendeshea. Watu walisema mengi. Spana alisema mteja ni mteja.

"Vipimo uviandike kwa mkono wako," Bwana Glavu alisema akiwa mlangoni mwa gereji. Ndani hakuingia. "Kesho saa hizi uniletee karatasi. Uje mwenyewe, usimtume mtu."

Spana akapiga boneti mara tatu kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake wa kazi, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akisema injini nayo ina nyumba yake, usiingie bila hodi. Mzee yule alitoweka miaka kumi na tisa iliyopita. Alimuaga mkewe kwamba anakwenda kufunga injini kwa mtu, na hakuonekana tena.

Ko... ko... ko.

Ilitoka ndani.

"Vyuma vinapoa," Bwana Glavu akanong'ona.

"Vinapoa vipi, bosi? Gari halina hata betri."

Spana akafungua boneti, akaigusa injini. Ilikuwa na joto la mwili. Harufu ya oili chafu ilimpanda puani, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya jasho la mtu aliyefanya kazi kutwa bila kuoga.

Akapima haraka. Urefu kutoka nyuma ya injini hadi kwenye rejeta, sentimita tisini na moja. Akarudia ili ahakikishe, ndiyo desturi yake. Mia na nne. Akalaumu macho, akapima mara ya tatu. Mia na nne. Vipimo vingine navyo vilikuwa hivyo hivyo. Kila alipoinama vilikuwa vimebadilika, halafu vikatulia, kama mtu anayejigeuza kitandani hadi apate pa kulala.

"Hii alikufungia nani?" aliuliza akikunja futi.

"Fundi hodari. Imenitunza miaka kumi na tisa."

Spana akaikunja karatasi aliyoandikia vipimo. Alitoka bila kuaga, akatembea upesi, na kila alipovuta pumzi alisikia kitu kikilia mahali fulani karibu. Tik... tik... Aligeuka mara mbili. Nyuma hapakuwa na mtu.

Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ikiwa dirishani pa chumba cha mbele. Ndiye aliyeshonea mtaa mzima.

"Mume wangu, leo unanuka petroli kuliko kituo chenyewe," alisema bila kuinua macho. Kisha akaiona karatasi mezani, akaivuta, akacheka. "Ehee! Kumbe hatimaye unataka suti? Miaka yote nakubembeleza, leo umejipima mwenyewe!"

"Hivyo ni vya gari."

"Gari gani lina bega? Arobaini na tano, bega. Sitini na mbili, mkono. Themanini na sita, kiuno, kabla hujaanza kula mandazi kwa siri. Tisini na nane, kifua. Mia na nne, suruali. Hii thelathini na tisa ni shingo yako. Mimi nikusahau shingo?"

Akafungua daftari lake ili amuoneshe. Akasoma ukurasa wa mumewe, akasoma karatasi, akarudi kwenye daftari. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Baba watoto," alisema polepole. "Sogea hapa."

Akaweka sikio kifuani pake.

Tik... tik... tik...

Spana akakohoa. Kwenye leso palibaki tone jeusi, zito. Wote wawili walijua oili ilivyo.

"Siipeleki karatasi," Spana alisema. Papo hapo kikohozi kikambana tena, safari hii hadi akapiga magoti, na leso yote ikawa nyeusi. Mkewe alimshika mgongo akilia. Aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Lakini alikuwa mtu wa kukata vitambaa. Mwili wake ukitetemeka, mikono haitetemeki.

"Gari linataka vipimo," alisema akipangusa machozi. "Tutalipa vipimo."

Akafunua daftari hadi mwaka uliopita. Suti moja, yenye mikono mirefu, mwenyewe aliagiza ifike hadi vidoleni.

"Atajua," Spana akanong'ona.

"Hatajua. Mtu havijui vipimo vya mwili wake. Anayevijua ni mshonaji. Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu. Shika kalamu, andika."

Akamsomea tarakimu moja moja. Spana akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoagizwa.

Kesho yake jioni Bwana Glavu alipokea karatasi, akaisoma, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani ya gereji. Akailaza karatasi juu ya injini, akashusha boneti taratibu.

"Ahsante, fundi. Subiri kidogo. Halichukui muda."

Walisubiri.

Kutoka chini ya boneti ikasikika pumzi ndefu, ya mzee anayetua mzigo. Spana aliitambua. Alikuwa ameisikia kila jioni wakati wa kufunga kazi, enzi za ujana wake. Machozi yakamjia.

Kisha injini ikanyamaza kabisa.

Bwana Glavu alikuwa bado anamtazama yeye. Alikuwa anangoja. Polepole tabasamu likamtoka. Akashika kifua chake.

Tik...

"Fundi," alinong'ona. "Umeandika vipimo vya nani?"

Taa ikazimika. Boneti ikafunguka yenyewe gizani, kwa mlio mdogo wa bawaba. Spana hakubaki kuona. Alikimbia hadi nyumbani, na njia nzima kifua chake kilikuwa kimya.

Wiki ikapita. Hakukohoa. Wakaanza kulala, hata wakaanza kutaniana kuhusu ile suti.

Siku ya nane, saa kumi jioni, gari jekundu lilikuja mtaani likiunguruma na kusimama mbele ya dirisha lenye cherehani. Akashuka mwanamke wa makamo, dada yake Bwana Glavu. Mikononi alivaa glavu za ngozi zilizompwaya.

"Habari za jioni wifi, habari fundi," alisema kwa adabu, kama aliyekuja kuchukua nguo zake. "Hii injini mpya haifai. Inalalamika, mlimani haivuti. Kaka hakuwahi kuwa mtu wa kazi. Nataka nyingine, yenye nguvu."

"Mimi sifanyi tena kazi hiyo, dada," Spana alisema. "Tafuta fundi mwingine."

Mwanamke hakubisha. Alirudi akaegemea gari, akasubiri.

Ko, ko, ko, boneti ikagongwa kwa ndani.

Tik...

Spana akamtazama mkewe, mkono kifuani. Mkewe alikuwa ameshasikia. Mguu wake ulisimama juu ya pedali ya cherehani. Nje, watoto wa jirani walikuwa wanarudi kutoka shuleni na sare alizowashonea yeye, wakicheka, wakizunguka gari kulishangaa.

Akalivuta daftari. Akalowesha kidole, akaanza kufunua kurasa.