Gari Lililoziba Njia

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Muuguzi alikaa kwenye ngazi ya gari-nyumba, yale magari yenye vitanda, jiko na choo humohumo ndani, akipuliza chai yake huku watoto wake wawili wakiokota vijiwe ufukweni. Baada ya zamu za wodini zisizokwisha, hakutaka kitu kingine duniani. Kambi nzima ilikuwa kimya. Mmoja anaanika taulo, mwingine anakaanga mayai, na kila anayepita anasalimia.

Kisha mumewe akawasha jenereta.

Mumewe alikuwa mkandarasi wa majengo. Vibarua wake walimwita Buldoza, na badala ya kuona haya, alilipenda jina hilo. Walipofika jana yake, msimamizi wa kambi aliwaonyesha nafasi yao vizuri kabisa. Buldoza akaona ina jua. Kivuli kizuri kilikuwa juu ya njia, ile njia pekee ya magari kuingia na kutoka, basi akaegesha hapohapo, akafunga turubai ubavuni na kupanga viti.

"Baba watoto, hapa watu wanapita," mkewe alimwambia.

"Watapita kwa miguu. Nani anaondoka katikati ya likizo?"

Sasa jenereta ilinguruma, eti soda zipate baridi, na redio ikapigwa juu yake. Ndugu zangu, mtu mzima na akili zake! Maji machafu ya jikoni nayo aliyamwaga kando ya bomba wanapoteka wenzake. Muuguzi alitamani ardhi ipasuke. Akachukua ndoo, akapasafisha mwenyewe, macho yake chini.

Hema la jirani lilikuwa la mwalimu mstaafu na mkewe, bibi mcheshi ambaye jioni iliyopita alimsuka binti yao nywele bila kuombwa. Mwalimu akaja, kofia mkononi.

"Habari za asubuhi, mwanangu." Yeye mzee ndiye aliyetangulia kusalimia!

Buldoza hakuinua hata macho. "Sema."

"Naomba, kama si usumbufu, usogeze gari kidogo. Mama yako pale ana presha. Nikihitaji kumkimbiza hospitali..."

"Mzee, mgonjwa anakaa kwake, haji kambini. Usituharibie likizo."

Mwalimu alivaa kofia yake akarudi polepole.

"Umemjibu vibaya mtu wa umri wa baba yako," muuguzi alisema. "Sogeza gari, tafadhali."

"Nikisogea leo kwa huyu, kesho nitasogea kwa kila mtu."

Muuguzi akameza mate na maneno yake pamoja. Alishayameza mengi ya namna hiyo: kwenye foleni, kwenye harusi za watu, hata kwenye matanga. Aliona kunyamaza ndiko kulinda nyumba.

Mchana Buldoza alichukua ndoana, akafunga sehemu ya dereva, isiyoingilika kutoka ndani, akatia funguo mfukoni, akaenda kuvua upande wa pili wa ziwa. Simu aliiacha makusudi. Alisema hataki kusumbuliwa.

Alipokwisha kutokomea tu, mwalimu akapiga ukelele. "Jamani! Mke wangu!"

Muuguzi alikimbia pekupeku. Alimkuta bibi ameegemea kiti, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia. Alijua mara moja kuwa ni kiharusi.

"Lete gari, baba! Twende sasa hivi!"

Mwalimu akaleta kigari chake, akamlaza mkewe kiti cha nyuma, akaondoka kwa kasi hadi kwenye turubai la Buldoza. Hapo akasimama. Kushoto majabali, kulia ziwa. Watu wakatawanyika wakimwita Buldoza mpaka sauti zikakauka. Mwalimu hakutukana wala hakulaumu. Alimtazama tu muuguzi, na kutazamwa kule kulimchoma kuliko tusi lolote.

Kitu kikakatika moyoni mwake. Akaokota jiwe, akapiga kioo cha dereva kwa nguvu zake zote. Akaingiza mkono, akafungua mlango, akatoa gia na kuachia breki ya mkono.

"Sukumeni!"

Kambi nzima ilisukuma. Turubai likachanika, viti vikapondeka, gari likateremka mbele hadi njia inapopanuka, likainamia mtaroni. Njia ikafunguka. Muuguzi akawaachia majirani wengine watoto, akapanda, akampakata bibi kichwa.

Bibi alinusurika kifo. Lakini daktari alisema wamechelewa: mkono ule uliosuka nywele za mtoto hautainuka tena, na ulimi umekuwa mzito.

Buldoza alifika hospitali alasiri, amefura. Kwenye benchi la korido alikaa mwalimu, mkewe Buldoza kando yake. Neno la kwanza la Buldoza lilikuwa:

"Nani amevunja kioo changu?"

Muuguzi akasimama. "Mimi. Na ningekivunja jana, huyu mama angekuwa anaongea."

"Unanivunjia heshima mbele za watu!"

"Heshima gani? Mzee alikuomba njia kwa unyenyekevu ukamfukuza kama nzi. Muombe radhi."

Buldoza alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Radhi hakuomba, aligeuka akatoka. Muuguzi hakumfuata. Alichukua watoto, akaenda kukaa kwa dada yake, na mpaka leo hajarudi.

MAFUNZO

Likizo yako haiishi kwenye kiti chako tu. Njia unayoziba, kelele unazopiga, uchafu unaomwaga, vyote vina mwenzako upande wa pili. Nawe unayekaa na mtu wa aina hii ukanyamaza ili kulinda amani, jua kwamba kuna mwingine anayelipia amani yako.

Ukifika kambini, salimia. Egesha ulipoonyeshwa. Acha njia wazi. Hayo yakikushinda, kaa nyumbani kwako na jenereta yako.