Dawa Isiyo na Mwenyewe

Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka Alliance alipofika soko kuu. Alitoka mbio kwenye ajansi ya basi za Kampala, amekumbatia karatoni kifuani, na maji yalikuwa yakichuruzika juu ya kikwembe chake, kitenge cha rangi ya machungwa, mpaka kwenye sandali. Mchana ule mji wa Bunia, huko Kongo, ulikuwa vumbi tupu. Motari, waendesha pikipiki za abiria, walipiga honi, wauza majani ya sombe waliita wateja, na watu walimpisha mama yule mnene aliyekuwa akihema kama anafukuzwa. Akasimama mbele ya depo ya kwanza ya samaki aliyoona ina frigo, yaani jokofu.

“Papa, uko na barafu?”

Mwanaume aliyekuwa akikata samaki aina ya kapitene aliinua uso. Alikuwa mrefu, amevaa buti za mpira na fulana nyeupe, na hata gamba moja la samaki halikuwa limeigusa.

“Iko, mama. Ni ya samaki?”

“Hapana. Ni ya dawa. Ya sindano.”

“Dawa ya nani?”

Alliance alisita kidogo tu. “Ya mama mudogo. Iko na sukari.”

Mwanaume aliweka kisu, akanawa mikono kwa sabuni, akapokea karatoni kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

“Niiweke mu kongelateri?”

“Aka! Itakufa. Inataka baridi tu, isigande.”

“Basi itakaa mu frigo ya kunywa, mbali na samaki. Kwenu courant ya umeme iko?”

“Courant ya mutaa yetu ya Shari unaijua. Inakuya kama mugeni.”

“Basi uiache hapa. Mi niko na panneau ya jua na groupe, jenereta. Jina yangu Vital. Ukitaka dawa ya mama yetu, unakuya kuchukua.”

“Mama yetu? Unamujua wapi?”

“Bado. Lakini nimeona mutoto.” Akamtazama kutoka kilemba mpaka sandali, bila haya lakini kwa heshima. “Weye ukisimama mulangoni, jua inaomba ruhusa ya kuingia.”

Alliance alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa zamani hajacheka hivyo.

Dawa ile ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na sita, muuza vikwembe, binti wa familia iliyohamia kutoka Butembo. Mama yake alianguka mbele ya kibanda chake sokoni, mkono kifuani, hajafika miaka hamsini. Dada yake Immaculée alianguka vilevile, na ufagio mkononi. Wote wawili walikuwa na miili ambayo watu waliisifu njiani. Daktari wa Kampala alipompima Alliance alivua miwani, akamwambia moyo wake unabeba mzigo wa watu wawili na hautafika mbali. Ndipo akampa sindano zile zenye umbo la kalamu, za kujichoma tumboni mara moja kwa juma ili mwili upungue.

Lakini angemweleza nani Bunia? Pale mtu akikonda bila kuugua, majirani humtafutia ugonjwa, na hawatafuti ugonjwa mdogo. Na sasa alikuwa amemkuta mwanaume aliyependa hasa mwili ule uliokuwa ukimuua.

Mapenzi yao yaliota kwenye simu.

“Allô, chérie, umeamuka?”

“Nimeamuka. Weye uko wapi, nasikia upepo?”

“Niko Kasenyi, kwenye maji ya ziwa. Nimeona samaki moja mukubwa, muzuri, nikasema huyu anafanana na mutu namujua.”

“Vital! Miye ni samaki?”

“Samaki wa mufalme, mama. Si wa kila sahani.”

Watu wa Vital walikuwa wafugaji tangu mababu. Ng’ombe wao walikwisha vitani, naye akageukia samaki wa ziwa kwa sababu, kama alivyosema, samaki hawahitaji malisho wala walinzi. Alizungumza taratibu, alicheka haraka, na alipokuja Shari jioni alivaa shati lililopigwa pasi na kuleta kitu mkononi. Siku moja alimletea Pétronille, mama mdogo wa Alliance, mkate wa unga usio na sukari. Akamkuta mama yule akitia sukari kwenye chai, kijiko cha tatu.

“Mama! Unajiua!”

“Nani anajiua?” Pétronille alishangaa.

“Na ile sindano yako? Sukari hii yote juu ya nini?”

Alliance alimkonyeza mama mdogo kutoka mlangoni. Pétronille alikohoa, akasukuma kikombe pembeni, akasema amesahau. Vital alipoondoka, mama mdogo alimgeukia Alliance bila tabasamu.

“Mutoto wangu, umenipa ugonjwa bila kuniuliza. Huyu ni mutu muzuri. Mwambie.”

“Nitamwambia.”

“Lini?”

“Tukisha kuoana.”

Miezi ikapita. Vikwembe vya Alliance vilianza kumzunguka mara mbili. Alikula matonge mawili ya bugali akasukuma sahani. Nyakati nyingine alitapika nyuma ya nyumba, akafungulia maji ili asisikike. Vital aliona.

“Chérie, unaisha kama sabuni. Uko mugonjwa?”

“Ni kazi tu, roho yangu.”

“Ao hunipendi tena?”

“Nakupenda mpaka nakosa njaa,” alijibu, na Vital akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Kabla ya msimu wa mvua, Vital alipokwisha kuposa, walikwenda Kampala kununua vitu vya harusi. Alliance alimwambia anakwenda kutazama vitambaa, akaenda kwa daktari. Moyo ulikuwa umeanza kutulia, daktari alisema, akampa dawa ya miezi kadhaa na karatasi yenye jina lake ya kuonyesha njiani. Karatasi ile Alliance aliichana kabla ya kufika hoteli, akaitupa. Aliogopa Vital asije akaisoma. Visanduku vya dawa akavipanga kwenye glasiere, lile sanduku la barafu ambalo Vital alikuwa amenunua kwa kazi yake ya samaki.

“Ni za mama?” Vital aliuliza.

“Ni za mama.”

“Mi nitabeba. Isigongwe.”

Aliibeba njia yote juu ya mapaja yake.

Mpakani kulikuwa na jua kali na mstari mrefu. Mama mmoja wa forodha alifungua glasiere, akatoa kisanduku kimoja, kisha kingine, kisha akaacha kuhesabu.

“Hii ni ya nani?”

“Ni yetu,” alisema Vital. “Dawa ya mama mukwe. Iko na sukari.”

Akaitwa muuguzi wa kituo. Alisoma kisanduku, akainua nyusi.

“Papa, hii haiko ya mama wa sukari. Ni ile ya kukondesha. Na ni mingi. Ordonansi ya daktari iko wapi?”

“Ya kukondesha?” Vital alirudia.

Mstari ukacheka. “Nani anataka kukonda huku kwetu, na njaa hii?” mtu mmoja alipiga kelele. Na nyuma, sauti ya mwanamke: “Aka, yule si Alliance wa vikwembe? Njo maana anakauka vile!”

Alliance alivuta kilemba mpaka machoni. Akilini aliona Shari yote, kanisa, soko, watu wakimnyooshea vidole. Aliona Vital akimtazama tumbo.

“Mama,” alisema yule wa forodha, “dawa hii ni yako?”

“Mi sijue,” Alliance alisema. “Glasiere ni yake.”

Vital aligeuka. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Watu wa forodha walimshika mkono, wakamwambia kuingiza dawa nyingi hivyo bila karatasi ni biashara ya magendo, na kwamba atabaki mpaka jambo lieleweke.

Basi likapiga honi. Magari yalikuwa yanatoka kwa msafara, kwa sababu ya hatari za barabara ile.

“Mama, unapanda ao unabakia?” kondakta alimwuliza.

Alliance alipanda.

Hakulala usiku ule. Kulipokucha alimpigia daktari Kampala.

“Lakini nilikupa karatasi,” daktari alisema. “Kwa nini hukuionyesha?”

Alliance aliomba nyingine. Daktari aliituma kwenye simu, naye akapanda gari kurudi mpakani peke yake, kwenye barabara ile ambayo watu husali kabla ya kuingia. Alipita vizuizi, alipita vijiji vilivyoungua, simu kashika mkononi. Alipofika, yule mama wa forodha alimkumbuka.

“Umechelewa. Ndugu yake mukubwa, anaitwa Chris, alikuya kumutoa asubuhi. Mumepishana njiani.”

“Na dawa?”

“Ukiwa na karatasi unaweza kuchukua. Lakini barafu iliisha yote, mama. Dawa imepikwa na jua.”

Alipiga simu ya Vital akiwa bado amesimama pale. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Juma zima iliita na kukata, mpaka ikaacha kuita.

Bunia habari haitembei, inapanda pikipiki. Watu walisema Vital anauza sindano za wizi. Wengine wakasema alikuwa anamchoma mchumba wake bila yeye kujua. Akina mama waliokuwa wakinunua kwake walivuka upande wa pili. Siku aliyokuwa kizuizini groupe ilizimika, na samaki aliowaacha kwenye kongelateri wakaoza wote. Ajabu ni kwamba Alliance hawakumsema. Walimpa pole.

Pole zile ndizo zilizomshinda. Jumapili moja baada ya misa alivaa kikwembe cheusi chenye maua madogo, akamchukua mama mdogo, wakaenda nyumbani kwa mama yake Vital. Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa ndugu na majirani. Vital alikuwa amekaa karibu na mlango, amekonda kuliko yeye. Hakuinuka.

“Mama,” Alliance alisema, akapiga goti, “nimekuya kusema mbele ya watu wote. Ile dawa ilikuwa yangu. Mama mudogo haiko na sukari. Vital hakujua kitu. Nilimudanganya tangu siku ya kwanza, na pale mpakani nikamukana. Mutoto wenu hakuuza dawa hata moja.”

Mama yake Vital aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa, akampa. Alliance aliyanywa yote, bila kujua kama ni msamaha au ni kwaheri.

Vital alimsindikiza mpaka barabarani. Pétronille alitangulia nyumbani.

“Juu ya nini hukuniambia?” Vital aliuliza.

“Weye ulipenda mwili yangu mukubwa. Na mama yangu alikufa nayo. Na dada yangu. Niliogopa kufa, na niliogopa kukukosa. Sikujua nianze na woga gani.”

Vital alisimama. “Mama yako alikufa na ugonjwa ya moyo?”

“Ndiyo.”

“Na Immaculée?”

“Vilevile.”

Aliziba uso kwa mikono miwili. Aliposhusha, macho yalikuwa mekundu.

“Kama ungeniambia, ningebeba ile glasiere juu ya kichwa mpaka hapa, mbele ya watu wote. Unasikia? Mi sikupenda kilo, Alliance. Nilipenda weye.”

“Basi nisamehe.”

“Nimekusamehe. Pale uwanjani, ulipopiga goti, nilikusamehe. Lakini kila siku nikifunga macho nakuona ukipanda ile basi. Hukugeuka hata kidogo.”

“Nipatie wakati, nitakuonyesha…”

“Nilijaribu. Nilishika simu nikupigie, mara nyingi. Mukono unakataa. Bado nakupenda, sikufiche, lakini siwezi kulala nyumba moja na mutu ninayemwogopa.”

Alliance alifuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuinua vumbi.

“Urudi Kampala,” Vital alisema. “Uchukue dawa ingine.”

“Nipone juu ya nani sasa?”

“Juu yako! Mama alianguka, dada alianguka. Weye usianguke. Hata kama nitasikia tu kwa watu kwamba uko muzima, itanitosha.”

Alisimamisha pikipiki, akamsaidia kupanda, akamwekea vizuri ncha ya kikwembe isije ikashikwa na gurudumu. Mkono wake ulibaki pale kidogo, kisha akautoa.

“Uendeshe polepole,” alimwambia motari. “Huyu mama iko na moyo mugonjwa. Usimurushe kwenye mashimo.”

Aliyasema kwa sauti, barabarani, watu wakipita. Hakuna aliyecheka. Motari aliitikia kwa kichwa, “Sawa, papa,” kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida tu, akaondoa pikipiki taratibu. Alliance alishika kiti kwa mikono yote miwili, na safari hii aligeuka. Aligeuka mpaka shingo ikamuuma, na Vital alikuwa amesimama palepale, mikono mitupu, mpaka vumbi likamfunika.