Kona Iliyozimwa

Fundi aliyeileta ile kompyuta mpya alijigamba kwamba ingeweza kuchora Hargeisa nzima na watu wake ndani. Lakini mshale wake ulikuwa unakawia. Si kila mahali. Filsan akisogeza kipanya juu ya ramani ya kiwanja cha mteja wao, Haji Samatar, mshale ulimfuata vizuri mpaka ulipokaribia kona ya kaskazini. Hapo ulisita, halafu ukaburuzika kama mbuzi anayevutwa sokoni.

Filsan hakumwita fundi, maana aibu ilikuwa yake. Ni yeye aliyelalamika mwaka mzima kwamba kompyuta ya zamani ndiyo inayomchelewesha. Ni yeye aliyemsumbua bosi, Injinia Guleed, mpaka hii ikaagizwa Dubai.

"Dada, mgonjwa wako anaendeleaje?" Bile, mchoraji mwenzake, alimtania kutoka meza ya pili. "Au na hii imeshazeeka?"

"Njoo uangalie mwenyewe, badala ya kunicheka."

Bile hakuwa mtu mbaya. Alifungua kifuniko akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akasaka virusi, akafunga kila programu isiyohitajika. Akafungua ramani ya msikiti wenye mnara na madirisha chungu nzima, ikafunguka papo hapo. Akafungua ya Haji Samatar, maduka ya ghorofa moja tu, na feni ndani ya mashine ikaanza kuvuma.

"Mashine ni nzima," alisema. "Inayoumwa ni ramani."

Filsan alijua hivyo, na alijua inaumwa wapi. Ramani za kompyuta huchorwa kwa leya, kama shashi nyepesi zilizotandazwa moja juu ya nyingine. Leya ukiizima haionekani, lakini ipo. Mpimaji ardhi alikuwa ameleta vipimo vya kiwanja vikiwa na makaburi kwenye kona ile, sita makubwa na moja dogo, la mtoto. Guleed aliyatazama, akakuna ndevu.

"Kona hiyo isafishe," alimwambia. "Manispaa wasije wakatuzungusha na kibali."

Filsan aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, kidole kikagoma. Basi akaizima leya. Akajiona mjanja kweli: hakufuta makaburi ya watu, wala hakumkosea bosi.

Mchana huo wenzake walikwenda kula na kulala, maduka ya chini yakafungwa, akabaki peke yake. Kilikuwa kiangazi kikali, mji mzima vumbi tupu, lakini chumbani kulinuka udongo uliomwagiwa maji sasa hivi. Akaiwasha leya. Makaburi yalikuwa yaleyale saba, ila alipoyagusa aliona kila moja lina jingine juu yake, na juu ya hilo jingine tena, yamelaliana sawasawa bila kupishana hata unywele, maelfu kwa maelfu, na hesabu chini ya kioo bado ilikuwa inapanda, na feni haikuvuma tena bali ilivuta pumzi na kuishusha, taratibu, kama mtoto aliyelia mpaka akachoka, na Filsan akaizima leya, akabaki akiitazama kona nyeupe huku akijionea haya kama mtu aliyefumaniwa akiiba msibani.

Hakumwambia mtu. Kesho yake Guleed mwenyewe aliinusa ile harufu, akaisikia ile pumzi, na kabla ya alasiri Sheikh Muumin, anayesomea wenye majini, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na chetezo miguuni. Hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa haraka.

"Humu mmeficha nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatujaficha kitu, sheikh," alinong'ona Guleed.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza binti anayechora. Sema tu, mwanangu. Ukisema, kitatoka kiende kwao."

Bile alikuwa anamtazama. Guleed alikuwa anamtazama. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi kabisa, lakini aliwaza watakavyomwona.

"Hakuna," alisema Filsan. Alijibu haraka kuliko alivyowahi kujibu swali lolote.

Sheikh alisogeza chetezo karibu. "Haya. Mimi nimekusikia. Na mwenyewe aliyemo humu amekusikia."

Akasoma, moshi wa ubani ukajaa chumba, na feni ikanyamaza. Harufu ikakatika. Bile alisogeza kipanya na mshale ukaruka kona hadi kona. Guleed akapiga makofi. Filsan alifungua leya kwa siri, akakuta haina hata mstari. Alifurahi, na furaha ile ikamtia aibu.

Akishuka ngazi jioni, mguu ulichelewa kumfuata. Nyumbani mama yake alimpa chai, na mkono ukakaa kidogo kabla ya kuinuka kuipokea.

"We mtoto, umelala?" aliuliza mama. Akamwinamia, akanusa shela yake. "Na umetembea wapi penye matope, kiangazi hiki?"

Filsan alitaka kujibu. Jibu lilitoka mama akiwa ameshaosha vikombe.

Siku ya kuchimba, Guleed alimpeleka kiwanjani akashike ramani. Dereva wa katapila aliuliza aanzie wapi.

"Anzia kona ile," alisema Guleed. "Ni tupu."

*Msichimbe.* Filsan alilisema neno kwa moyo wake wote. Aliliona likitoka kifuani na kupanda kooni, akalisukuma, akausihi mdomo ufunguke, nao ukaanza kufunguka, polepole, kama kitu kizito kinachovutwa kutoka mbali, huku katapila ikinguruma na ndoo yake ikishuka na kupanda na kushuka tena, na vumbi likageuka udongo mweusi wenye maji, mpaka dereva akazima injini, akateremka, akavua kofia, akasimama akitazama shimoni. Bile alisogea akaangalia, akaziba mdomo.

"Msichimbe," alisema Filsan.

Wote wakageuka kumtazama. Hakuna aliyehitaji kumuuliza alijuaje.

Alitaka kuinamisha uso. Uso nao ukakawia.