Jino Moja la Mashine ya Vibao

Kitendawili, wanangu. Ana jino moja, anakula mbao mchana kutwa, wala hashibi. Msinipe mji bado. Sikilizeni kwanza.

Palikuwa na mchonga vibao aliyeitwa Patasi. Kila asubuhi alifagia karakana, akanoa vifaa, akaanza kazi. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Alichonga kidogo, akafuta maranda kwa mkono, akapapasa ubao, akachonga tena.

Kisha binti yake akaleta mashine. Unachora kibao kwenye kompyuta, nayo inafuata mchoro huo yenyewe. Jino lake ni dogo, lakini linazunguka kasi hata macho hayalioni.

Siku ile walichonga kibao cha zahanati. Mashine ilichimba mawimbi madogo kuzunguka herufi, ili herufi zibaki juu. Ubao ulishikwa kwa misumari miwili tu, na kiganja cha Patasi.

"Baba, toa mkono."

"Ubao bila mkono unatetemeka, mwanangu. Nilianza kuchonga kabla hujaota meno."

"Mashine haikuoni, Baba."

"Mimi ninaiona."

Maranda yakajaa. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kuyafuta, kama ulivyozoea. Msumari mmoja ukang'oka. Ubao ukaruka. Jino likadaka mkono wa shati, likaanza kuuvuta.

Binti aliganda. Lakini jirani yao, Mama Spana, fundi wa mitambo kiwandani, alisikia mlio mbaya akiwa mlangoni pa karakana. Aliingia mbio, akapiga kwa ngumi kitufe chekundu cha kuzimia mashine.

Kimya.

Shati lilikuwa limechanika. Jino lilisimama upana wa punje ya mahindi tu kutoka kwenye kifundo cha mkono.

"Jirani, vidole unavyo?"

"Ninavyo."

"Vihesabu."

"Ninavyo, nimesema. Haya, tuendelee. Kibao hakijaisha."

Mama Spana aliokota kijiti kinene kama kidole, akakibana mbele ya jino. Akawarudisha nyuma, akawasha. Jino likapita. Kijiti kikawa vipande viwili.

"Umesikia mlio ukibadilika?"

"Sikusikia," Patasi akasema polepole.

"Basi hata kingekuwa kidole, usingesikia."

Patasi akakaa kwenye kigoda.

"Nifundishe, mama," akasema.

"Ubao unashikwa na vibano pande zote, si mkono. Kunja mikono ya shati. Vaa miwani ya kazi, na barakoa, maana vumbi hili linaingia kifuani. Kwanza inua jino, mashine ichore hewani, uone kama njia ni sawa. Maranda unayafuta kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa. Na mmoja wenu asibanduke kwenye kitufe chekundu."

Wakabana ubao mpya. Jino likachora hewani, kisha likashuka. Maranda yakaanza kurundikana.

"Baba, mikono."

"Iko nyuma. Inaniwasha, lakini iko nyuma."

"Naiona inacheza."

"Mwache," akasema Mama Spana. "Icheze huko huko."

Mashine ilipozimwa, Patasi aliuliza, "Sasa naruhusiwa?" Akapapasa herufi, akalainisha kingo kwa msasa. Hapo kiganja chake kiliona zaidi kuliko kompyuta.

"Rangi msiikimbilie," Mama Spana aliwaambia. "Futeni vumbi. Pakeni praima, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ikauke. Kisha rangi iliyokoza kote, brashi iingie kwenye kila bonde. Ikikauka, rangi nyeupe kwa rola yenye rangi kidogo tu. Itagusa migongo ya herufi tu."

Kibao kilipotundikwa, herufi zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wagonjwa walizipapasa wakipita. Patasi naye alizipapasa, kwa vidole vyote kumi.

Jibu la kitendawili mmelipata. Lakini Patasi akitegewa hicho, huongeza lake: "Anakula mbao tu, kwa sababu ndizo pekee tunazompa."