Maji Yanayosikika Bafuni

Ndugu zangu, acheni shughuli kidogo mnisikilize. Haya si ya jirani peke yake, ni ya kila nyumba yenye mzee ndani.

Palikuwa na msusi mmoja, mwenye saluni yake. Kila asubuhi alikaa jikoni na mumewe wakinywa chai, na kutoka bafuni waliyasikia maji yakimwagika. Aliyekuwa humo ni mama mzazi wa msusi, aliyehamia kwao tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Maji yalimwagika kitambo, yakafungwa, kisha mama akatoka ananukia poda, taulo lililoloa liko begani. Msusi alipomwona hivyo roho yake ilitulia. Mama ameoga, siku imeanza vizuri.

Sasa niwaambie habari za bafu lile. Msusi alilipenda kuliko sebule yake. Ndani palikuwa na hodhi jeupe la kuogea, refu la kutosha mtu mzima kujilaza, na ukingo wake ulipita magoti. Mgeni hakuaga nyumba ile kabla hajapelekwa kulitazama. Lakini mama yake, siku ya kwanza tu, alilitazama akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ukuta huu nitaurukaje? Magoti haya ni ya kuruka?"

"Utazoea, mama. Wenzako wanalilia kitu kama hiki."

"Wanaolilia wapewe. Mimi nivunjieni hili, mniwekee sakafu tambarare, bomba la mvua na kiti. Niingie kwa miguu yangu kama ninavyoingia chumbani."

Mume wa msusi aliweka kikombe chini. "Mama anasema kweli. Nimwite fundi?"

"Fundi wa nini? Tuvunje hodhi zuri hivi tubaki na bafu la wagonjwa? Tupake rangi sebule kwanza. Hilo tutaona."

Tutaona! Neno hilo, ndugu zangu, limezika watu wengi kuliko homa. Sebule ikapakwa rangi, yakaja mapazia mapya, na mama hakurudia ombi lake. Wazee wetu wakishanyimwa mara moja hunyamaza, nasi kwa ujinga wetu tunasema wameridhika.

Baada ya miezi kadhaa, harufu mbaya ikaanza kusikika ndani. Msusi akalaumu bomba la maji machafu. Akamwaga dawa, akapulizia manukato, akaning'iniza vijifuko vya marashi bafuni. Kisha akaenda saluni kuosha vichwa vya watu asiowajua mpaka jioni. Kila alipofungua maji aliyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono, akauliza kwa upole, "Maji yako sawa, dada? Hayakuunguzi?" Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Swali hilo mama yake hakuulizwa hata siku moja.

Asubuhi moja maji yalimwagika, yakaendelea kumwagika. Chai ikapoa. Mume akagonga mlango, akaita, mwishowe akausukuma. Bomba lilikuwa wazi, maji yanaingia ndani ya hodhi tupu. Mama alikuwa sakafuni kando ya choo, amezirai, amevaa nguo zake zote, na nguo zenyewe ni kavu. Taulo tu ndilo lililoloa. Walipomvua soksi wakajua ile harufu ilikotoka. Kisigino kilikuwa kimeoza.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Ana kisukari, na kidonda hiki ni cha siku nyingi. Nani humwogesha?"

"Anaoga mwenyewe," msusi alisema. "Kila siku. Tunasikia maji."

Muuguzi akaendelea kusafisha kidonda.

Mama alipopata fahamu, bintiye alimshika mkono. "Mama, kumbe ulikuwa huogi?"

"Nilikuwa nafungua maji msikie, kisha najifuta na taulo, mwanangu. Mara moja niliingia mle, nikateleza. Nikashindwa kuinuka."

"Mbona hukuniita?"

"Niliita kidogo. Nikakusikia unawaambia wageni njooni mlione hodhi langu. Nikajikokota nitoke kabla hamjafika, nisikuaibishe."

Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Mama hakurudi nyumbani.

Msusi aliomba amwoshe mwenyewe. Alianza na zile mvi, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu. Aliyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono, kama alivyozoea kazini, na ulimi ukamponyoka: "Maji yako sawa, mama?" Akasubiri ajibiwe. Wanawake waliokuwa naye walimtoa nje akilia kwa sauti.

Tangu hapo hakunywa chai kwa amani. Kila asubuhi aliyasikia maji yakimwagika bafuni. Mumewe alikwenda kugusa bomba, akalikuta kavu. "Hakuna kitu, mke wangu," alimwambia, lakini naye alianza kunywa chai yake barazani. Pale ukingoni mwa hodhi kipande cha sabuni ya mama bado kilikuwa na herufi zote za chapa yake, hakijawahi kuliwa na maji.

Siku moja msusi akasema, "Mwite fundi."

Fundi alivunja hodhi, akasawazisha sakafu, akaweka vigae visivyoteleza, bomba la mvua na kiti. Kikabaki chuma cha kushikia.

"Hiki hupimwa kwa mkono wa mwenyewe," alisema. "Mwiteni mzee aje."

Maskini fundi wa watu, hakuna aliyemwambia. Mume akainamisha kichwa. Msusi akavua viatu, akaingia bila kuinua goti, akakaa kwenye kile kiti na kuweka kiganja chake ukutani.

"Pima wangu," alisema. "Mzee anayefuata ni mimi."

Fundi akaweka alama kwa penseli. Bomba lilikuwa bado halijaunganishwa, na msusi akabaki ameketi palepale, anayasikiliza maji.

Funzo

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndugu zangu, sauti ya maji si kuoga, na ukimya wa mzee si kuridhika. Mzazi akikuambia pale pananishinda, usimjibu tutaona. Vunja kinachomshinda angali hai, umwite yeye mwenyewe aje apimwe mkono. Na kabla ya hapo, ingia bafuni, shika ile sabuni, uone kama imepungua.